Mteja anataka mama "aliyekata tamaa", na mama mwenyewe hajakata tamaa. Nifanyeje?

Lenzi ya Ilemela

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana Ijumaa natakiwa kumjibu mteja na sitaki kumjibu kwa hasira.

Mimi ni mpiga picha, nipo Ilemela, hapa Mwanza. Riziki yangu ni harusi, send-off, kipaimara na mahafali, na siku hizi napata pia kazi za mashirika. Mengi ya nje yamepunguza kuleta wapiga picha wao kwa ndege, yanatafuta wa hapa hapa, na wanasema ni kwa ajili ya heshima, ili watu wa huku tujisimulie wenyewe. Jambo hilo nililipokea kwa mikono miwili. Kisukuma nimezaliwa nacho, na mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, sihitaji mtu wa kunionyesha njia.

Sasa shirika moja la Ulaya, ambalo sitalitaja, linachangisha fedha za maji safi na vyoo kwenye mialo. Mradi wenyewe ni mzuri. Kisima cha kwanza nimekiona kwa macho yangu na kinatoa maji. Wanataka picha za tangazo la mwisho wa mwaka, maana kule watu hutoa sana kuelekea Krismasi. Wakanitumia maelekezo: mama mmoja na mtoto mmoja, wasiwe kundi. Mtoto awe mdogo, asiwe na viatu. Simu isionekane, bodaboda isionekane, nyumba ya bati isionekane. Mama aangalie lenzi na asitabasamu. Juu ya kichwa chake ibaki nafasi tupu ya kuweka maandishi.

Nikaenda mwalo mmoja upande wa Kayenze. Watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wakanipeleka kwa mama ambaye hapa nitamwita Mama Neema, jina si lake. Anaanika dagaa. Mitumbwi ikiingia alfajiri unamkuta yupo majini hadi magotini anagombea ndoo na kubishana bei na wavuvi waliokesha. Dagaa wakishafika nchi kavu anawamwaga kwenye kichanja na kuwatandaza kwa viganja, kidogo kidogo, kwa sababu ukiwarundika wa juu wanakauka na wa chini wanaoza. Wengi pale bado wanaanika mchangani, dagaa wanashika mchanga na bei inashuka. Yeye alijenga kichanja kwa miti na nyavu kuukuu, fedha alikopa kwenye kikoba na deni amelimaliza. Halafu anaijua mvua. Nikiwa pale alitazama ziwani mara moja tu, akapiga kelele kwa wenzake, na kabla sijafunga begi la kamera dagaa wote walikuwa chini ya turubai. Mvua ikaja kweli. Dagaa wabichi wakinyeshewa wanabadilika rangi, mteja wa chakula cha binadamu anawakataa, unabaki kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Nilipomweleza nimekuja kumpiga picha aliniomba nimsubiri. Akaoga, akavaa kitenge cha kwendea kanisani, akampaka mtoto mafuta na kumvalisha viatu. Ndipo afisa niliyeongozana naye akamwambia arudi ndani avae zile nguo za kazini, na mtoto avuliwe viatu. Mama akamuuliza, "Kwani wewe mama yako akija kupigwa picha unamvua kitenge?" Afisa akakaa kimya. Mama akabadilisha, kwa sababu anautaka ule mradi wa maji na hakutaka kuonekana mkorofi.

Nilipiga zote: za kitenge, za kichanja, za kubishana bei, na hizo walizotaka. Wiki hii nimeletewa rasimu ya tangazo. Wamechukua picha aliyokuwa amegeuka ghafla, jua limempiga usoni, amekunja uso. Kichanja kilichokuwa kulia kwake kimekatwa. Mkono wake wa kushoto, ulioshika ndoo ya dagaa, umekatwa kwenye kiwiko. Maandishi juu yake yanasema hana chochote cha kumpa mwanawe isipokuwa maji machafu.

Na hapo ndipo panaponiuma. Kila kilichobaki kwenye ile picha ni cha kweli. Maji ya ziwa wanakunywa, na mtoto kaugua kuhara mara kwa mara, mama mwenyewe kaniambia. Ila kila kitu ambacho huyu mama anamfanyia mtoto wake, kuanzia saa kumi za usiku hadi jua linazama, kimekatwa kwa mkasi.

Nusu ya malipo nimeshapokea. Nikatae? Nina haki ya kukataa? Na kama kuna mtu hapa amefanya kazi upande wa hao wachangishaji, nipe hoja ambayo wataisikiliza.

Mchangishaji Mstaafu

Marahaba mdogo wangu. Kazi hiyo ya kuchangisha nimeifanya mpaka nimestaafu, kwa hiyo ngoja nikueleze wenzako wanavyofikiri wakiwa mezani, ujue pa kuwabana.

Sharti la mama mmoja na mtoto mmoja halikuzuka tu. Mwaka 2007 watafiti watatu, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaulizwa kama wangependa kutoa sehemu ya fedha hiyo kwa Save the Children. Waliosoma habari za Rokia, binti wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Na waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Yaani ile hesabu ya mamilioni ilipowekwa kando ya mtoto, ilipunguza huruma badala ya kuiongeza. Kila mchangishaji ninayemfahamu anaijua habari hii, hata asiyekumbuka majina ya waliofanya.

Na usiende kwao na hoja kwamba picha ya huzuni haileti fedha. Mwaka 2009 huyo huyo Small na mwenzake Nicole Verrochi walionyesha kwamba kwenye matangazo ya misaada uso wa huzuni unavuta mchango kuliko uso wa furaha. Ukibisha hapo watakutolea takwimu zao na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Wabane kwingine. Majaribio yale yanapima mtu anatoa kiasi gani pale pale, akiwa ameshika karatasi mkononi. Hayapimi anabaki anawaonaje watu wa Kayenze baada ya miaka kumi ya kuona picha za namna hiyo. Wala hayamuulizi Mama Neema kitu. Halafu msomaji wa Rokia alipewa mtu mmoja mwenye jina na umri na nchi yake. Hakuna mahali watafiti wale walisema huyo mtu akatwe mkono. Mama Neema mwenye kichanja naye ni mtu mmoja, tena ana habari nzito kuliko uso uliokunjwa kwa jua. Waambie hivyo hivyo.

La pili, waulize kama wamesaini kanuni za maadili za picha na ujumbe za CONCORD, umoja wa mashirika ya misaada ya Ulaya. Ni za mwaka 2006. Zinataka picha itumike kwa ridhaa na uelewa kamili wa anayepigwa, ikwepe kumfanya mtu kuwa kielelezo cha unyonge, na watu wapewe nafasi ya kusimulia habari zao wenyewe. Kama wamesaini, rasimu yako inagongana na saini yao.

Kuhusu kutafuta wapiga picha wa hapa, ni kweli mambo yamebadilika. Mwaka 2019 mtangazaji wa Uingereza Stacey Dooley aliweka mtandaoni picha akiwa amembeba mtoto wa Uganda wakati wa safari ya Comic Relief, shirika la kuchangisha misaada la huko, na mbunge David Lammy akaikosoa vikali. Mwaka 2020 Comic Relief wakatangaza kwamba hawatapeleka tena watu maarufu Afrika na watawatumia watengeneza filamu wa huku. Hiyo ni hatua, siibezi. Lakini wewe umepewa kamera tu. Maelekezo bado yanaandikwa kule, picha inachaguliwa kule, maandishi yanawekwa kule. Omba hicho kipande kilichobaki.

Yohana Ng'wana Magu

Mimi hapa sikubaliani nanyi, na nasema kwa uchungu. Oktoba 1984 Mohamed Amin, Mkenya, mtu wa huku huku, alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, akiwa na Michael Buerk wa BBC. Picha zile zilikuwa mbaya kuzitazama. Ndizo zilizowaamsha wanamuziki wa Uingereza, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa hao, London na Philadelphia. Sasa mngetaka Amin asubiri watu wavae vizuri?

Mialo yetu nyie mnaijua. Kipindupindu kikiingia hakiulizi mama alikuwa amevaa kitenge gani. Mimi nimemzika mtoto wa dada yangu kwa kuhara. Kama picha moja ya uso uliokunjwa inaleta kisima, na aliyepigwa yuko tayari, mpiga picha achukue hela yake na watoto wanywe maji. Heshima ya marehemu haimsaidii kitu.

Mzee wa Mwaloni

Pole sana Yohana kwa msiba huo, Mungu amlaze mahali pema.

Ila usimchanganye Amin na hili. Amin alikuta watu wanakufa, akapiga alichokikuta. Hakuna aliyetumwa ndani kuvua viatu.

Nimefanya biashara ya samaki Kirumba tangu viwanda vya minofu vinaanza kushamiri. Mnakumbuka ile filamu ya Darwin's Nightmare iliyotoka 2004 kuhusu sangara, iliyopigwa hapa Mwanza, ikafika hadi kwenye orodha ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani na hapa mjini watu wakaandamana. Walioiona wageni walitoka wakiamini kwamba Mwanza tunakula mifupa iliyotupwa. Mapanki yapo, sikatai, na nimeyauza mwenyewe. Kiwandani wanatoa minofu, kinabaki kichwa na mgongo wenye nyama yake, kinakaangwa au kinakaushwa, na kuna akina mama wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Ni kweli wengine waliyala kwa sababu minofu ilishawapita bei, na hilo linastahili kusemwa kwa sauti kubwa. Lakini mtengeneza filamu akionyesha funza na moshi tu, asiongee na yule mama kuhusu faida yake na hasara yake, basi mtu wa Ulaya anatuonea huruma bila kujua tunaishije, na kesho akija kununua samaki wetu anaogopa. Mimi wateja walinipigia simu kuuliza kama samaki wetu ni salama.

Binti wa Nansio

Kaka Yohana, pole sana. Nakuheshimu, ila naomba nizungumze kwa sababu mimi ni mtoto aliyewahi kuwa kwenye picha kama hiyo.

Nimekulia Ukerewe. Nikiwa darasa la pili shirika moja lilinipiga picha, nikapata mfadhili, nikasoma mpaka chuo cha uuguzi. Sasa ni muuguzi. Kwa hiyo nikisema picha ile ilinisaidia, nasema kwa vyeti vyangu. Namshukuru yule mama wa mbali aliyekuwa ananiandikia barua kila mwaka, na nikimpata leo nitamkumbatia.

Lakini miaka mingi baadaye rafiki yangu anayesoma nje alinitumia kipeperushi. Niko mimi, sweta langu la shule limevuliwa, nimesimama kwenye vumbi. Jina wamebadilisha, hilo sawa. Maandishi yalisema natembea nusu siku kutafuta maji. Wakuu, kwetu ukifungua mlango wa nyuma unaliona ziwa. Shida yetu ilikuwa kichocho. Tulikuwa tunaoga na kuchota maji ziwani, watoto wengi tulipata choo cha damu, matumbo yanavimba, na dawa ya praziquantel ilikuwa ikija kwa msimu. Hiyo ndiyo habari yetu ya kweli na ni mbaya ya kutosha, ila aliyeandika aliona mtoto wa Afrika lazima awe anatembea jangwani. Kwa hiyo aliyesoma alichangia shida ambayo hatukuwa nayo.

Na kilichoniuma zaidi ni mama yangu. Nilimwonyesha. Baba alishafariki, mama alinilea kwa kulima mihogo na kufuma mikeka. Kwenye kipeperushi nimeandikwa sina mtu wa kunitunza. Alikiangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Hawa waliniona wapi nimekuacha?" Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mpiga picha siku ile, ndiye aliyenichana nywele.

Kwa hiyo kaka wa Ilemela, ushauri wangu ni huu. Usimuulize Mama Neema kama anakubali kupigwa picha, hilo alishakubali. Rudi Kayenze na simu yako, mwonyeshe tangazo lenyewe lilivyo, na yale maandishi umsomee neno kwa neno kwa Kisukuma au Kiswahili anachokielewa. Mwambie litabandikwa wapi na litakaa muda gani. Halafu umsikilize. Ridhaa ni hiyo. Akisema sawa, mimi na wewe hatuna la kusema. Akisema hapana, hata kisima kisiwe sababu ya kumziba mdomo.

Wakili Nyegezi

Kwa ufupi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Ridhaa ni kwa kusudi aliloelezwa, na ana haki ya kuiondoa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa. Kuna Tume inayopokea malalamiko. Soma pia mkataba wako uone nani anamiliki picha na kama kuna kifungu cha kupitia tangazo kabla halijatoka. Kama hakuna, kazi ijayo kiweke kabla hujagusa kamera.

Lenzi ya Ilemela

Wakuu, nawashukuru sana. Yohana, pole kaka, na neno lako nimelibeba, ndiyo maana sikutaka kuua lile tangazo. Nataka kisima kijengwe.

Nimefuata ushauri wa dada wa Nansio, nimerudi Kayenze. Mama Neema nilimkuta anachambua dagaa, anatoa furu wadogo waliochanganyika. Nikamwonyesha simu. Picha yenyewe hakuikataa. Alisema, uso wangu ndio huo, jua lilikuwa kali. Maandishi ndiyo aliyoyakataa, tena akaniomba nimsomee mara ya pili ili awe na uhakika. Akasema waandike hivi: anauza dagaa, ana kichanja chake, fedha ya dawa ya kuhara inakula faida ya dagaa, na akipata maji safi ile fedha ataongezea kichanja cha pili. Akanitajia na bei ya dawa na bei ya ndoo, nikaandika zote. Na akataka itumike ya kitenge. Nikamwambia nitaomba.

Basi nimewaandikia leo asubuhi. Nimewaeleza kwamba mhusika ameona rasimu na ridhaa yake kwa maneno yale haipo, maneno yake nimeyaambatanisha kama alivyoyasema. Nimewatumia picha ya kitenge akiwa kwenye kichanja na mtoto pembeni, viatu miguuni, nafasi ya maandishi juu kama walivyotaka. Nimewauliza kuhusu zile kanuni za 2006. Nimemalizia kwamba yule mama ni mtu mmoja mwenye habari moja, ndicho walichokiomba.

Wamejibu jioni hii. Kanuni wamesaini. Yale maandishi ya kwanza wanayaondoa. Kuhusu picha, wanasema wataipeleka ya kitenge kwa nusu ya orodha yao ya wachangiaji na ile ya uso uliokunjwa kwa nusu nyingine, zote zikiwa na maneno ya mama, waone ipi inaleta zaidi. Mama nimempigia. Amesema sawa, ila mkono wake na ndoo virudi kwenye hiyo ya pili. Hilo nimeliandika kama sharti, nasubiri.

Mchangishaji Mstaafu

Umefanya vizuri, na mpe mama salamu zangu. Sasa mambo mawili kabla hujalala. Waombe kwa maandishi wakupe matokeo ya nusu zote mbili: waliotoa ni wangapi, wastani ni kiasi gani, na wangapi walitoa tena mwaka unaofuata. Hilo la mwisho ndilo muhimu na ndilo watakalosahau kukutumia. Ukilipata, lilete hapa tulisome, liwe zuri au baya. Na yale mafaili makubwa usiyakabidhi mpaka nusu ya pili ya malipo iingie.